Daftari la Tawi Ndani ya Kompyuta



Katika matawi mengi ya viwandani na mashambani, mali kubwa ya chama si meza wala kiti cha ofisi, bali ni daftari. Humo mna majina ya wanachama, siku waliyojiunga, ada waliyokatwa na malalamiko waliyoleta. Daftari likilowa mvua, likiliwa na mchwa, au katibu akihama nalo, tawi hubaki mikono mitupu mbele ya mwajiri. Mwajiri kwa upande wake huja mkutanoni na karatasi safi zilizopigwa na kompyuta, zenye hesabu mpaka ya mwezi uliopita, naye husema kwamba hivyo ndivyo rekodi zake zinavyoonyesha. Tukikataa, anauliza za kwetu ziko wapi.

Siku hizi kompyuta za mkononi zilizokwisha tumika hupatikana mjini kwa bei ambayo tawi likichanga laweza kuimudu, na matawi kadhaa yameshapata. Lakini mara nyingi kompyuta hiyo huandikiwa barua tu na kutunzia picha za sherehe za Mei Mosi. Makala hii ni kwa makatibu wa matawi, waweka hazina, na mwanachama yeyote mwenye subira, hata akiwa amesoma shule ya msingi tu kama mwandishi, ambaye angetaka kuifanya kompyuta hiyo itunze daftari la tawi na kujibu maswali. Kitu kinachojengwa huitwa kanzidata.

KANZIDATA NI NINI

Kanzi maana yake ni hazina, na data ni habari zilizokusanywa. Basi kanzidata ni hazina ya habari, iliyopangwa katika majedwali yanayofungamana, pamoja na programu ya kuyatunza na kuyauliza maswali.

Wengi wetu tunalijua jedwali la Excel. Hilo ni kama karatasi kubwa yenye vyumba vyumba, na karatasi haikatai kitu. Andika neno "bado" mahali pa fedha, itapokea. Andika mtu yule yule mara tatu kwa herufi tofauti, itapokea. Kanzidata ina ukali kidogo. Ukishaiambia kwamba safu hii ni ya tarehe, basi ukiandika "jana" itakataa na kukungoja usahihishe. Ukishaiambia kwamba nambari ya mwanachama haiwezi kurudiwa, hutaweza kumpa mtu wa pili nambari ya mwenzake hata ukitaka.

Msidhani ubovu wa karatasi kubwa huwapata watu wadogo tu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, idara ya afya ya umma huko England ilikuwa ikipitisha majibu ya vipimo katika faili za Excel za mtindo wa zamani. Faili za mtindo huo zina mwisho wake, mistari 65,536, basi. Majibu yalipozidi hapo, yaliyobaki yaliachwa nje kimya kimya, bila mashine kupiga kelele. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za kila siku, na watu waliokuwa wamekaribiana nao walichelewa kuonywa. Excel za siku hizi zinachukua mistari zaidi ya milioni moja, lakini fikirini: tawi la wanachama 600 linaloandika makato ya kila mwezi hujaza mistari 7,200 kwa mwaka. Kwa mtindo ule wa zamani lingefika mwisho kwa muda wa miaka 9 hivi.

Mpango wa majedwali yanayofungamana ulitolewa na mtu aitwaye Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani katika Vita Kuu ya Pili na baadaye mfanyakazi wa kampuni ya IBM huko Marekani. Mwaka 1953 aliondoka Marekani na kwenda kukaa Kanada kwa kuchukizwa na msako wa kisiasa wa Seneta Joseph McCarthy, ambao vyama vya wafanyakazi vya huko viliuonja vilivyo. Baadaye alirudi, na mwaka 1970 akatoa andiko lake. Kabla ya hapo, aliyetaka habari kutoka kompyuta ilimpasa ajue habari hiyo imekaa wapi ndani ya mashine na njia ya kuifikia, kwa hiyo kila swali jipya lilimhitaji mtaalamu. Codd alisema habari zipangwe katika majedwali ya kawaida, mwenye swali aseme tu anachotaka, na kutafuta njia iwe kazi ya mashine. Kampuni yake haikuharakisha kulichukua wazo hilo, maana ilikuwa na programu nyingine ya zamani iliyokuwa ikiuzika vizuri. Hata kampuni kubwa huweza kumkawiza mfanyakazi wake mwenye fikra.

Kompyuta za mezani zilipotokea, programu za namna hii zilishuka bei na kuwafikia watu wa kawaida. Katika zile za mwanzo zilizovuma ni dBASE II, iliyotungwa na Wayne Ratliff. Alianza kuiandika apate kumsaidia katika mchezo wa kubahatisha matokeo ya mpira pale kazini kwake! Microsoft Access ilitoka mwaka 1992. Base, ambayo ni ya bure, ilitokea mwaka 2005 ndani ya OpenOffice, na leo inapatikana katika LibreOffice.

Kwa tawi, uchaguzi ni kati ya hizo mbili za mwisho. Access ni nyepesi kujifunza na ina wasaidizi wengi wa kukuongoza hatua kwa hatua, ila hununuliwa, na hufanya kazi katika mashine za Windows tu. Base haina malipo, unaweza kuwapa na matawi ya jirani bila kuvunja sheria, ingawa ina vikwazo vyake vidogo vidogo, na mara nyingi hudai programu nyingine iitwayo Java iwemo katika mashine. Mimi huwashauri wenzangu waanze na Base, kwa sababu programu ya wizi huja na wadudu wa kompyuta, na chama kinachodai mwajiri afuate sheria hakipendezi kikishikwa na programu ya wizi.

KAZI HUANZA KATIKA KARATASI

Mtu akipata programu mpya hupenda kuifungua papo hapo na kuanza kubonyeza. Afadhali kompyuta ikae imezimwa siku ya kwanza. Chukueni karatasi kubwa na kalamu ya risasi, mkae watatu au wanne, katibu, mweka hazina na wawakilishi wa idara, mjiulize swali moja: tunataka kanzidata hii itujibu nini? Maswali yaandikwe yote. Ni wanachama wangapi wa kupalilia na wangapi wa kiwandani? Nani alikatwa ada mwezi wa Machi na nani hakukatwa? Lalamiko gani limekaa zaidi ya siku 30 bila jibu? Nani aliumia kazini, lini, na je, fidia yake ililipwa? Maswali hayo ndiyo yatakayowaonyesha majedwali yanayotakiwa.

Jedwali la kwanza ni la Wanachama. Kila mtu ana mstari wake mmoja tu unaolala, na kila habari ina safu yake inayosimama: nambari ya uanachama, jina la ukoo, majina mengine, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa, idara, kambi, simu, nambari ya mfuko wa akiba. Andika tarehe ya kuzaliwa na wala usiandike umri, kwa kuwa umri ulioandikwa leo ni uwongo mwakani, na kompyuta yaweza kuuhesabu yenyewe siku yoyote.

Jedwali la pili ni la Makato, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Mazoea ya daftari ni kuweka miezi 12 mbele ya jina, Januari hadi Desemba, na kujaza vyumba. Kwa jicho ni kuzuri. Kwa kanzidata ni kubaya, kwani mwaka wa pili utaongeza safu nyingine 12, wa tatu 12 tena, na swali rahisi kama "fulani amekatwa jumla ngapi tangu ajiunge" litakusumbua. Kanzidata hupenda kurefuka kwenda chini, haipendi kupanuka kwenda pembeni. Kwa hiyo kila kato moja liwe na mstari wake: nambari ya mwanachama, mwezi, kiasi, na ushahidi ulikotoka, yaani karatasi ya mshahara au orodha ya mwajiri. Mwanachama mmoja atakuwa na mistari mingi humo, na haidhuru.

Angalieni kwamba katika jedwali la Makato hatukuandika jina, bali nambari tu. Huo ndio ufungamano wenyewe. Jina limeandikwa mara moja, katika jedwali la Wanachama, na likisahihishwa huko limesahihika kila mahali. Majedwali ya Malalamiko na Ajali hufanywa vivyo hivyo: kila lalamiko lina mstari wake, tarehe lilipoletwa, linahusu nini, limefika kwa nani, tarehe ya jibu, na ile nambari ya mwanachama inayolirudisha kwa mwenyewe.

NAMBARI NA AINA ZA HABARI

Kwa nini nambari na si jina? Kwa sababu majina yetu hayatulii. Mtu huyu huyu karani mmoja humwandika Okello na mwingine Okelo. Muhammad ana maandiko ambayo sijapata kuyahesabu. Wengine hutanguliza jina la ukoo, wengine la ubatizo, na mwanamke akiolewa huenda akabadili. Nambari ya uanachama haiolewi wala haibatizwi. Katika kanzidata nambari hiyo huitwa ufunguo wa msingi, na sheria zake ni mbili: isirudiwe, na isiwe tupu. Mwanachama akiacha kazi au kufariki, nambari yake asipewe mwingine kamwe.

Ukifungua programu na kutengeneza jedwali, utaulizwa kila safu ni ya aina gani, maneno, tarehe, nambari au fedha. Jibu kwa makini. Nambari ya simu ifanye ya aina ya maneno, usiifanye ya aina ya nambari, maana kompyuta ikidhani ni nambari ya hesabu itaitupa sifuri ya mbele, na 0772 itakuwa 772. Vivyo hivyo nambari ya uanachama inayoanza na sifuri. Kanuni yangu ni nyepesi: kitu usichoweza kukijumlisha na kukitoa si nambari, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu. Kwa upande wa tarehe, hakikisha mashine imepangwa mtindo wetu wa siku kwanza, kwa sababu mashine nyingi huja na mtindo wa Kimarekani wa mwezi kwanza, na 03/04 ya kwetu, yaani tarehe 3 Aprili, huigeuza Machi 4. Katika shauri la kuachishwa kazi, mwezi mmoja waweza kuwa tofauti ya kushinda na kushindwa.

Majedwali yakishakuwepo, kuna mahali pa kuchora uhusiano kati yake. Unaivuta nambari ya mwanachama kutoka jedwali la Wanachama hadi jedwali la Makato, na mstari unatokea kwenye kioo. Katika Access kuna kijisanduku cha kutia alama ili uhusiano huo ulindwe, kitie alama. Tangu hapo, ukijaribu kuandika kato la mtu ambaye hayumo katika Wanachama, mashine itakataa, na ukijaribu kumfuta mwanachama mwenye makato, itakataa pia. Huo si usumbufu, ndiyo ulinzi wa rekodi zenu.

Halafu tengenezeni fomu. Fomu ni sura ya kioo inayofanana na kadi ya chama, ili anayeingiza habari asiguse jedwali lenyewe. Safu ya idara ifanywe orodha ya kuchagua: Kuchuma, Kupalilia, Kiwanda, Usafirishaji, Ulinzi. Mkiacha kila mtu aandike apendavyo, baada ya mwezi mtakuwa na "kiwanda", "kiwandani" na "fakitari", na ulizo lenu litahesabu idara tatu.

KUIULIZA KANZIDATA

Sasa tumefika kwenye utamu wa kazi hii. Swali linaloulizwa kwa kanzidata tuliite ulizo. Unaliandaa kwa kuchagua majedwali, kuchagua safu unazotaka kuona, na kuweka masharti. Malalamiko yasiyo na tarehe ya jibu, na yaliyoletwa zaidi ya siku 30 zilizopita: hayo ni masharti mawili, na orodha inatoka mara moja. Ulizo huhifadhiwa kwa jina, na kesho ukilifungua litajibu kwa habari za kesho, bila kulitengeneza upya. Nyuma ya pazia mashine hutumia lugha iitwayo SQL, iliyoanza IBM miaka ya 1970. Si lazima uijue kwa kuanza, lakini mwenye hamu ataipenda.

Ulizo ambalo kila tawi lingepaswa kulijua ni la kutafuta waliokosekana. Tuchukue mfano. Wanachama 612 wameonyesha karatasi zao za mshahara, na kila mmoja amekatwa ada ya shilingi 3,000. Mwajiri analeta orodha ya fedha anazopeleka chamani, na orodha ina watu 571. Kwa daftari la mkono, kuwajua hao 41 waliokosekana ni kazi ya siku nzima ya kupitisha kidole juu ya majina, na jioni macho yamechoka na bado huna hakika. Nazo ni shilingi 123,000 kwa mwezi, yaani 1,476,000 kwa mwaka, zilizotoka mifukoni mwa wafanyakazi na hazikufika.

Kwa kanzidata fanya hivi. Omba orodha ya mwajiri kama faili ya kompyuta, usikubali karatasi tu. Iingize kama jedwali lake lenyewe. Katika Base unaweza kuinakili kutoka kwenye karatasi kubwa na kuibandika sehemu ya majedwali, naye msaidizi atakuuliza safu moja moja. Kisha andaa ulizo lenye majedwali mawili, Makato yenu ya mwezi huo yaliyotoka kwenye karatasi za mishahara, na orodha ya mwajiri ya mwezi huo huo. Yaunganishe kwa nambari ya mwanachama, au kwa nambari ya kazini ikiwa mwajiri haandiki ya chama. Kwa hiyo nambari ya kazini nayo iwe na safu yake katika Wanachama. Bonyeza juu ya mstari wa muungano, uchague kwamba unataka mistari yote ya upande wa Makato, hata isiyo na mwenzake upande wa mwajiri. Mwisho weka sharti: nambari ya upande wa mwajiri iwe tupu. Endesha. Kinachotokea ni wale 41, kwa majina, idara na kiasi. Access ina msaidizi wa kulitengeneza ulizo hili bila kuchora mwenyewe, na mwingine wa kutafuta walioandikwa mara mbili.

Geuza upande vile vile. Uliza nani yumo katika orodha ya mwajiri na hayumo kwetu. Mara nyingine utakuta walioacha kazi, mara nyingine waliofariki, na mara nyingine watu ambao hawakujaza fomu ya chama na wanakatwa bila ridhaa yao. Hao wa mwisho nao wana haki, na tawi lisinyamaze kwa kuwa fedha zinaingia upande wake.

Ulizo hilo hilo latumika kwa akiba ya uzeeni. Hapa Uganda mchango wa NSSF ni asilimia 5 inayokatwa kwa mfanyakazi na asilimia 10 ya mwajiri, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022 wajiri wote wanapaswa kuchangia, hata mwenye wafanyakazi wachache. Karatasi ya mshahara huonyesha ile asilimia 5 imekatwa. Je, imefika? Mwanachama akileta taarifa yake ya michango, ingizeni miezi iliyofika, mlinganishe na miezi aliyokatwa. Miezi isiyo na mwenzake itajitokeza.

Nimeona umuhimu wake kwa macho. Katika shamba moja la chai, ambalo sitalitaja, mchumaji aliyefanya kazi miaka 11 alifariki, na mjane wake aliambiwa kwamba michango iliyoonekana ni ya miaka 4. Mama huyo hakuwa na karatasi yoyote nyumbani. Zilitumika kuwashia moto, kama ilivyo kwa wengi wetu. Lakini katibu wa tawi lile alikuwa mtu wa kuandika. Kila mwaka aliwaomba wanachama karatasi za mishahara na kuingiza miezi, mtu mmoja baada ya mwingine, jioni baada ya mizani kufungwa. Ulizo moja lilitoa miezi yote, ikiwa na nambari ya kazini ya wakati ule. Na nambari zilikuwa mbili. Karani wa shamba alimwandikisha upya pale aliporudi kutoka likizo ndefu ya ugonjwa, kwa jina lililopungua herufi moja. Miaka 7 ilikuwa imekaa chini ya jina la mtu asiyekuwepo duniani. Haikuunganishwa kwa siku moja, safari zilikuwa nyingi na nauli ilichangwa na tawi, lakini iliunganishwa, na watoto wale wakaendelea na shule.

RIPOTI, NAKALA NA SIRI

Ripoti ni ulizo lililovalishwa nguo za kutokea. Lina kichwa cha chama, tarehe, jumla chini ya kila idara, nawe unalichapa kwa ajili ya mkutano. Msilipambe mno. Meneja hatishwi na rangi, ila hutulia akiona nambari ya kazini, mwezi, kiasi na chanzo cha kila mstari.

Umeme wetu mnaujua. Katika Access, mstari huhifadhiwa mara unapouacha na kwenda mwingine. Base yenye kanzidata ndani ya faili yake ni tofauti, habari huweza kubaki katika kumbukumbu ya mashine mpaka uhifadhi faili nzima au uifunge vizuri, kwa hiyo umeme ukikatika kabla ya hapo huenda ukapoteza kazi ya jioni. Hifadhi kila baada ya watu kumi, na usitumie kompyuta ambayo betri yake imekufa. Kila Ijumaa nakili faili katika flashi mbili, uandike tarehe katika jina la faili. Moja ikae kwa mweka hazina na nyingine kwa mwenyekiti, nyumba tofauti. Flashi iliyo katika mfuko mmoja na kompyuta si akiba, mwizi huchukua vyote pamoja.

Kisha kuna siri. Orodha ya wanachama ni silaha, na yaweza kugeuzwa dhidi yetu. Mwajiri mbaya angelipia ajue nani alileta lalamiko gani. Faili iwe na nywila, na kompyuta pia iwe na yake, na watu wanaoijua wasizidi watatu. Uganda ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019. Kenya ilitunga ya kwake mwaka huo huo, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizi zinamhusu kila anayekusanya habari za watu, na chama kimo. Mweleze mwanachama kwa nini unamwandika na habari zake zitatumika wapi, na usikusanye usichokihitaji. Dini yake na kabila lake havina kazi katika jedwali letu. Habari za afya, kama zile za jedwali la Ajali, sheria ya Uganda inazihesabu kuwa za pekee, kwa hiyo jedwali hilo lisionyeshwe ovyo na lisichapwe pamoja na mengine.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Hakuna anayejifunza kitu hiki kwa kusoma tu, hata makala hii. Anzeni na watu 20 wa idara moja. Tengenezeni majedwali mawili, Wanachama na Makato, na si zaidi. Ingizeni miezi mitatu, mwulize maswali matano ambayo majibu yake mnayajua tayari kutoka kwenye daftari. Kompyuta ikijibu tofauti na daftari, msiamue haraka kwamba kompyuta imekosea wala kwamba daftari limekosea, bali fuateni mstari kwa mstari mpaka mjue. Watu 20 hao mkiwafuta na kuanza upya mara mbili au tatu, hakuna hasara. Ukishaingiza 600 ndipo kubomoa kunakuwa kuchungu.

Maneno yanayotokea kwenye kioo mara nyingi ni ya Kiingereza, nayo huwatisha wenzetu. Ni machache yanayorudiarudia. Yaandikeni katika daftari dogo, kila moja na kazi yake kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Vijana waliotoka shule wawafundishe wazee kipanya, na wazee wawafundishe vijana ni nini kinachostahili kuandikwa, maana kijana huijua kompyuta lakini hajui kwa nini tarehe ya kuajiriwa ina thamani kuliko picha ya mtu.

Daftari la zamani lisitupwe. Libaki kabatini, kwani lina sahihi za watu kwa mkono wao, na sahihi hiyo yaweza kutakiwa mbele ya afisa wa kazi.

Mwisho, uchaguzi wa tawi ukifanyika na katibu akabadilika, makabidhiano yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano kama yanavyoandikwa ya fedha: kompyuta, flashi mbili zenye tarehe za nakala ya mwisho, ile karatasi kubwa ya kalamu ya risasi yenye mchoro wa majedwali, na nywila ndani ya bahasha iliyofungwa. Bahasha ifunguliwe na katibu mpya mbele ya mwenyekiti, naye abadilishe nywila siku hiyo hiyo.